UZI: Mtu mwepesi wa kuhisi kila kitu, kazaliwa hivyo au ni malezi na mahali anapoishi?

#1 Mama Ntinda (mleta uzi)

Wadau, salaam.

Kuna watu ambao kila kitu kinawafikia upesi na kinawaingia ndani. Kelele zinawachosha mapema, taa kali inawaumiza, neno moja la lawama linakaa moyoni wiki nzima, halafu wimbo mzuri unawatoa machozi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, alianza kuwachunguza mwaka 1991, na mwaka 1997 yeye na mumewe Arthur wakachapisha dodoso la maswali 27 la kuwapima. Anasema huu si ugonjwa, ni umbile, na kwamba watu 15 hadi 20 katika kila 100 wamezaliwa nalo.

Jambo linalonisumbua ni hili. Hapa Kampala, kila ninayemsikia akisema "mimi ndivyo nilivyo" ni mwanamke, amesoma, ana kazi ya ofisini, na nyumba yake ina chumba cha kujifungia. Sijamsikia konda wa Old Taxi Park akisema hivyo, wala mama anayeuza nyanya sokoni. Je, hao hawapo, au hakuna aliyewauliza? Dai langu: jinsia, umaskini, idadi ya watoto nyumbani na shule uliyopelekwa vina mkono mkubwa kuliko tunavyoambiwa.

Karibuni.

#2 Afande Mstaafu

Mama, nakuunga mkono ila nageuza kidogo. Nimekulia kambini, kwenye zile nyumba za bati za duara tunazoziita mama ingia pole. Wazazi, watoto saba, na kuku chini ya kitanda. Mvua ikianza, mtu anakusemesha mdomo ukiwa sikioni kwako na bado humsikii. Jirani akigombana na mkewe, kijiji kizima kinajua nani ana kosa. Mtoto wa hisia nyepesi angekimbilia wapi? Tulizoea. Umaskini haumzuii mtoto kuzaliwa nalo, unamzoesha mpaka lile umbile linakufa.

#3 Msomi wa Wandegeya

Afande, heshima yako. Mtu kuzoea kelele haina maana kwamba hazimfikii tena. Anaweza kulala humo humo na mwili ukawa umekaza usiku kucha.

Nirekebishe na takwimu ya mleta uzi. Hiyo 15 hadi 20 ni makadirio ya mwanzo ya Aron. Mwaka 2018 kundi la watafiti Francesca Lionetti na Michael Pluess lilichambua majibu ya watu wazima, likapata makundi matatu: walio wepesi sana asilimia 31 hivi, wa katikati 40, na wasioguswa upesi 29. Wakawapa majina ya maua: okidi anayetaka matunzo, tulipu wa katikati, na dandelaioni, ua la njano linaloota hata kwenye ufa wa saruji. Kwa hiyo hakuna ukuta kati ya wao na sisi. Wote tuko kwenye ngazi moja, mmoja juu, mwingine chini.

Kuhusu kuzaliwa: mwaka 2020 ulitoka utafiti wa mapacha wa Uingereza, vijana wa miaka 17 hivi. Asilimia 47 ya tofauti kati ya vijana hao ilionekana kutokana na jeni. Inayobaki ni mazingira, hasa yale ambayo pacha mmoja anayapata na mwenzake hayapati.

#4 Nnalongo wa Mukono

Msomi umenigusa. Mimi ni Nnalongo kweli kweli, mama wa mapacha. Wasswa na Kato wamelala kitanda kimoja, wamekula sahani moja, baba mmoja, mwalimu mmoja. Mashine ya kusaga unga ya jirani ikiwashwa, Kato anaziba masikio na kujikunja nyuma ya mlango. Wasswa anakimbia kwenda kuitazama. Kato nikimkaripia kwa jicho tu analia, Wasswa nimkaripie kwa sauti anacheka. Kama ni mazingira, mazingira gani hayo yaliyomfikia mmoja yakamwacha mwenzake?

#5 Msomi wa Wandegeya

Nnalongo, wanafanana kama sarafu mbili za mwaka mmoja, au kila mtu na sura yake?

#6 Nnalongo wa Mukono

Kila mtu na sura yake. Kato kamchukua babu yake.

#7 Msomi wa Wandegeya

Basi ni mapacha wa mayai mawili. Jeni zao zinalingana kwa wastani wa nusu tu, sawa na ndugu wengine. Wanaolingana kabisa ni wale wa yai moja, na utafiti wa mapacha huanzia hapo: unalinganisha jozi za aina zote mbili. Sasa usiichukue ile 47 ukasema "Kato ni 47 kwa jeni". Namba hiyo inaeleza tofauti ndani ya kundi la watu, haimpimi mtoto mmoja. Tena ni kundi la Uingereza. Mahali ambapo maisha ya watoto yanatofautiana sana, huyu ana chumba chake na yule analala na wenzake watano, sehemu ya mazingira inaweza kuwa kubwa zaidi.

#8 Kijana wa Mutoto

Nimesoma yote, naleta la wanaume.

Mimi ni Mgisu. Nilipitia imbalu, tohara yetu ya jando, inayofanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Asiyejua, aelewe hivi: unasimama uwanjani mbele ya ukoo mzima, umepakwa unga mwili mzima, fimbo umeishika kwa mikono miwili juu ya mabega, macho mbele. Kisu kinapita. Hupepesi. Ukitikisika, aibu hiyo wataibeba baba yako na watoto wako.

Siku ile nilihisi kila kitu. Harufu ya chachu ya pombe kwenye ngozi yangu, jasho la mjomba aliyesimama nyuma yangu, ngoma za kadodi zikinipiga tumboni, mwanamke mmoja aliyekohoa upande wa kushoto. Mpaka leo nikisikia kikohozi cha namna ile nashtuka. Sasa aje mtu na dodoso aniulize kama mambo yananizidi upesi, na pembeni amekaa shemeji yangu. Mnadhani nitajibu nini? Wanaume wa namna hii wapo tele. Wamefundishwa kujibu hapana.

#9 Dada wa Bombo

Kijana wa Mutoto, pole na hongera kwa pamoja.

Nyinyi mlifundishwa kujibu hapana, sisi tumefundishwa kujibu ndiyo. Tangu nina miaka sita nilikuwa najua kwa mlio wa viatu kama baba amerudi na furaha au na hasira. Mgeni akikaa, ni mimi wa kujua kama ana njaa kabla hajasema. Kaka zangu hakuna aliyewadai hayo. Msichana anayekosea kusoma uso wa mtu mzima anaadhibiwa, mvulana anaambiwa ni mtoto tu. Fanya hivyo miaka ishirini, halafu upime nani anahisi zaidi. Hapo mtu amezaliwa nayo wapi? Hiyo ni kazi tuliyofunzwa.

#10 Msomi wa Wandegeya

Wote wawili mko kwenye jambo lenyewe. Kwenye dodoso wanawake hupata alama za juu kuliko wanaume, hilo limeonekana tena na tena. Aron mwenyewe anashikilia kwamba wanazaliwa kwa idadi sawa, na pengo huja baadaye. Kijana anasema pengo liko kwenye kujibu. Dada anasema pengo liko kwenye mazoezi. Hayo ni maelezo mawili tofauti, wala moja halifuti lingine.

#11 Fundi wa Katwe

Mnazunguka mbali. Ni mpangilio wa kuzaliwa. Mtoto wa kwanza ndiye anayebeba nyumba, ndiye anayehisi kila kitu. Kwetu tuko tisa, dada yetu mkubwa sauti ikipanda kidogo tu anashika kichwa. Sisi wengine kelele ndiyo chakula, hapa Katwe tunagonga vyuma kutwa na jioni tunataka muziki.

#12 Afande Mstaafu

Fundi, mimi ndiye wa kwanza kwa wale saba, na nimelala kwenye milio ya risasi za mazoezi kama mtoto mchanga.

#13 Dada wa Bombo

Afande, mbona hujatuambia wale kuku wa chini ya kitanda nani alikuwa kifungua mimba? 😂

#14 Afande Mstaafu

Kuku walikuwa wa mama, hawakuhesabiwa.

#15 Mwalimu wa Jinja

Nisaidie upande wa shule, maana nimefundisha msingi miaka mingi, bweni na kutwa.

Kengele yetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, inapigwa kwa nondo. Nina mvulana wa P.5, darasa la tano la msingi, ambaye kila mapumziko yakikaribia anaomba ruhusa kwenda msalani. Nilidhani ni ujanja. Siku moja nikamfuata. Alikuwa amesimama nyuma ya jengo la jiko, mgongo ukutani, viganja masikioni, akingoja rimu ipigwe ndipo arudi. Saa hana. Anasoma kivuli cha nguzo sakafuni pale darasani.

Mtoto huyo kwenye ripoti zake za nyuma ameandikwa "hatulii" na "mzembe". Hakuna mwalimu aliyeandika kwamba anahisi sana. Na hapo ndipo nina shida na lile dodoso. Moja ya maswali yake linauliza kama ulipokuwa mtoto wazazi au walimu walikuona mwepesi wa hisia au mwenye haya. Darasa langu lina watoto 90. Nyumbani kwao wako wanane. Nani alikuwa na nafasi ya kumwona? Mtoto wa pekee mwenye yaya na mwalimu wa watoto 20 atajibu ndiyo kwa sababu alionwa. Huyu wangu akiwa mkubwa atajibu hapana, alama itashuka, na mtu ataandika kwamba watoto wa familia kubwa hawana umbile hilo. Uchunguzi wa 2022 ulionyesha mwanamke wa Uganda kwa wastani anazaa watoto 5.2. Kwa wingi huo, swali kama hilo linapima nani aliangaliwa.

#16 Mama Ntinda

Mwalimu, asante sana. Hili ndilo nililokuwa nalitafuta maneno. Yule mtoto umemfanyia nini?

#17 Mwalimu wa Jinja

Nimempa kazi ya kupiga rimu yeye mwenyewe. Anajua sekunde itakayolia na nguvu itakayotumika. Anaipiga taratibu kuliko wote. Walimu wa darasa la mbali wanalalamika hawaisikii, tunaendelea kuzungumza.

#18 Mwanafunzi wa Mlimani Makerere

Samahani wakubwa. Utafiti wa wepesi wa kuhisi ulifanyika hapa hapa Uganda kabla ya huko Marekani. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuja Kampala mwaka 1954, akiwa kwenye taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, akawatembelea mama 26 wa Kiganda na watoto wao vijijini. Akaona kwamba yote yanatokana na mama. Kwa hiyo jibu ni malezi.

#19 Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, Ainsworth umempata, hoja yake umeichanganya. Yeye aliangalia wepesi wa MAMA kusoma ishara za mtoto: analia kwa njaa, kwa usingizi au kwa kutaka kubebwa. Mama walioweza kusimulia habari za watoto wao kwa undani, watoto hao walilia kidogo na walikuwa na utulivu zaidi wa kumtegemea mama. Matokeo aliyachapisha mwaka 1967. Kama mtoto mwenyewe amezaliwa na hisia nyepesi ni swali jingine.

Ila yanakutana mahali fulani. Mtoto mwepesi akipata mama asiyesoma ishara, anaumia zaidi ya ndugu zake. Akipata anayesoma, anastawi zaidi ya ndugu zake. Mtafiti wa makuzi ya watoto, Jay Belsky, na wenzake wamelisema hilo miaka mingi: wanaoumia zaidi na mabaya ndio hao hao wanaofaidika zaidi na mazuri. Nimeliona wodini. Watoto wawili, sindano ile ile. Mmoja ukimweleza kwanza utamchoma wapi, ukamwacha aishike pamba, anatulia kabisa. Mwingine ueleze usieleze ni sawa.

#20 Min Ocan, Gulu

Habari za huko. Mnazungumza Kampala tu. Huku kwetu kuna kizazi kizima kinachoshtuka mlango ukigongwa. Mimi nilikulia kambi ya wakimbizi wa ndani wakati wa vita vya waasi wa LRA. Usiku tulisikiliza. Ulikuwa unajua mbwa anayebweka kwa mtu na anayebweka kwa fisi, na ukikosea unakufa. Leo nina nyumba yangu, nina amani, na bado nikiwa nimelala mtu akikanyaga nje kwenye changarawe nimeshaamka. Mpeni dodoso mtu wa Acholi wa umri wangu, atapata alama zote. Mtasema Waacholi wamezaliwa hivyo?

#21 Nesi wa Zamu

Min Ocan, pole sana dada yangu. Hapana, hatuwezi kusema hivyo. Hilo ni jeraha la vita, lina jina lake hospitalini, na lina tiba. Umbile analosema Aron lipo tangu utoto kabla ya tukio lolote, na halina hofu peke yake. Ndani yake kuna kufurahia muziki, rangi, harufu ya mvua, kugundua jambo dogo ambalo wengine wamelipita. Mwaka 2006 watafiti walichambua lile dodoso wakaona lina sehemu tatu: kulemewa upesi, kuumizwa na sauti au mwanga, na kuguswa na uzuri. Jeraha la vita linaweza kupandisha mbili za kwanza. Hiyo ya tatu sidhani kama inaguswa sana.

#22 Min Ocan, Gulu

Asante nesi. Lakini nikuambie, kambini mama yangu alikuwa anaimba usiku ili tusisikie nje, na mimi nikisikia adungu, kinubi chetu, leo nalia kabla wimbo haujaanza. Hiyo ni sehemu ya tatu au ya kwanza? Mimi mwenyewe siwezi kuzitenganisha.

#23 Msomi wa Wandegeya

Swali la Min Ocan ni zito kuliko majibu niliyo nayo, nitalala nalo.

Niongeze la jamii. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Xinyin Chen na wenzake walilinganisha watoto wa Shanghai na wa Kanada. Watoto wenye haya na hisia nyepesi Kanada walitengwa na wenzao. Shanghai walipendwa, wakachaguliwa viongozi. Baadaye wakarudi Shanghai kulinganisha watoto wa 1990, wa 1998 na wa 2002. Wa 1990 walipendwa. Wa 1998 ikawa mchanganyiko. Wa 2002 walitengwa na walikuwa na huzuni. Miaka 12 tu, mji ule ule. Kilichobadilika ni uchumi: soko huria lilitaka mtoto anayejitokeza na kushindana. Mimi naona Kampala tunapita njia hiyo. Babu zetu walimsifu mtoto mtulivu anayewasikiliza wakubwa. Leo shule inatangaza watoto "wenye kujiamini" kwenye mabango.

#24 Dada wa Bombo

Msomi, hapo unachanganya haya na wepesi wa kuhisi. Mimi ni mwepesi wa kuhisi na nikiingia harusini nacheza doluka, ngoma ya Wanubi, mpaka alfajiri, kesho yake ndiyo siwezi kusikia hata kijiko. Aron mwenyewe anakadiria watu 30 katika kila 100 wa namna hii ni wachangamfu wanaopenda watu.

#25 Msomi wa Wandegeya

Ni kweli, dada. Chen alivipima vyote viwili kwa pamoja. Hata hivyo somo la uchumi kubadilisha thamani ya mtoto linabaki.

#26 Mzee wa Arua

Nimekaa kimya, sasa nasema. Zamani tulikuwa na miti. Mtoto akichoka na watu anakwenda na mbuzi, anarudi jioni ameshapoa. Mimi nilichunga hivyo. Leo mtoto anatoka darasa la watoto 90, anapanda taksi ya watu 14 redio ikipiga, anaingia muzigo, chumba kimoja cha kupanga, na wenzake wanne na televisheni, na mtaani kuna baa upande huu na kanisa la spika upande huu. Hata jiwe lingelalamika. Msitafute ndani ya damu.

#27 Fundi wa Katwe

Mzee umesema kweli ya kanisa. Kwetu mkesha Ijumaa mpaka saa kumi na moja.

#28 Mama wa Bwaise

Msiwasingizie makanisa peke yake. Baa ya jirani yangu haina hata siku ya kupumzika. Kanuni za kelele zipo tangu 2003, ukienda kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, anakuambia mzungumze wenyewe. Mtoto wangu anasomea hesabu bafuni.

#29 Fundi wa Katwe

Bafuni kuna taa?

#30 Mama wa Bwaise

Anatumia tochi ya simu. Bafu liko upande wa pili wa uwanja, sauti inafika kidogo.

#31 Muuza Nyanya Nakasero

Mleta uzi, umesema hujamsikia mama anayeuza nyanya. Mimi hapa. Nimesoma mpaka S.2, kidato cha pili, na niko hivyo tangu utotoni, ila sikuwahi kujua lina dodoso.

Nikueleze linavyokuwa sokoni. Mteja akiinua nyanya, kwa namna anavyoigeuza najua kama atanunua au anapitisha muda. Akibonyeza karibu na kikonyo ni mpishi, simwongopei bei. Mwanamke akinunua kidogo kuliko juzi na akaangalia pembeni, nyumbani kumeharibika kitu, namwongezea mbili bila kusema. Wenzangu wananiuliza kwa nini wateja wangu hawahami. Hii ndiyo mtaji wangu, benki hawakunipa mwingine.

Lakini jioni nimekwisha. Nikifika nyumbani wanangu wanajua: mama akiingia, hakuna kumsemesha mpaka anywe chai. Nakaa gizani nimeegemea ukuta. Mume wangu wa kwanza aliita hiyo kiburi. Wa sasa anawatoa watoto nje anawafundisha kusoma kwenye mwanga wa duka la jirani mpaka niite.

Kwa hiyo hoja kwamba maskini hatuna, au tumezoea likafa kama alivyosema Afande, mimi naikataa. Tunalo, tunalitumia, na hatuna chumba cha kulipumzishia.

#32 Mama Ntinda

Mama wa Nakasero, umenifunga mdomo na nimefurahi. Ubarikiwe. Nikuulize, kwenu wako wengine?

#33 Muuza Nyanya Nakasero

Mama yangu na mdogo wangu wa kiume. Yule mdogo ni bodaboda. Anafanya kazi usiku tu, anasema mchana mji unamwingia kichwani wote. Wenzake wanadhani anafuata pesa za walevi.

#34 Kijana wa Mutoto

Mnaona? Mwanaume huyo hapo. Amechagua zamu badala ya kujieleza. Ukitaka kutupata wanaume usituulize tunavyohisi, tuulize tumepanga vipi siku.

#35 Mwanafunzi wa Mlimani Makerere

Kijana wa Mutoto, hilo naliandika. Nikikubaliwa nitalifanyia utafiti wa mwaka wa mwisho: waendesha bodaboda wa usiku na wa mchana.

#36 Msomi wa Wandegeya

Lifanye, na waulize pia kahawa, maana dodoso la Aron lina swali la kafeini na jingine la njaa. Njaa hasa itakusumbua. Mtu aliyeshinda na kikomando kimoja, chapati na maharage, akikasirika jioni, utajuaje ni umbile au ni tumbo?

Nirudi kwa Afande kabla sijatoka. Mwaka 2015 Pluess na Ilona Boniwell walitoa matokeo ya mafunzo ya ustahimilivu kwa wasichana wa sekondari, mtaa wa watu wa kipato cha chini mashariki ya London. Dalili za sonona zilipungua kwa wale wepesi wa kuhisi. Kwa wengine hayakusaidia kitu. Somo lile lile, darasa lile lile. Ndiyo maana naona hasara mtoto wa Mwalimu akiitwa mzembe. Ndiye ambaye msaada mdogo ungemfikisha mbali kuliko wote.

#37 Afande Mstaafu

Nimekusikia. Mimi bado nasema mtoto akikingwa na kila kitu hatakuwa na ngozi. Huyo mama wa Nakasero amekuwa hodari kwa sababu alikaa sokoni.

#38 Muuza Nyanya Nakasero

Afande, nilikaa sokoni kwa sababu karo iliisha.

#39 Nnalongo wa Mukono

Jamani kabla hamjafunga, nina jambo la haraka. Baba yao anataka Wasswa na Kato waende bweni muhula ujao, P.4, shule moja. Chumba kimoja vitanda vya ghorofa tatu, watoto arobaini na kitu. Shule inataka jibu wiki hii. Nimpeleke Kato na mwenzake amlinde, au nimbakize shule ya kutwa hapa karibu?

#40 Afande Mstaafu

Mpeleke. Wako wawili, watashikana.

#41 Mwalimu wa Jinja

Usimpeleke bado, Nnalongo. Kama baba akishikilia, nenda kwanza bwenini usiku, si siku ya wageni, uone wanavyolala. Omba kitanda cha chini, cha pembeni, mbali na mlango na mbali na taa ya matron. Ukiambiwa haiwezekani, umeshapata jibu lako.

#42 Dada wa Bombo

Na Wasswa je? Huyo naye ataishi vipi akifanywa mlinzi wa nduguye akiwa na miaka tisa? Mkimtwisha kazi ya kusoma uso wa Kato kila usiku, mwakani mtatuletea wawili.

#43 Nnalongo wa Mukono

Hilo sikuliwaza. Leo jioni namkalisha baba yao chini tuzungumze.